Wimbo Gani Utangulie?

Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, mwimbaji Marian Anderson alisimama kwenye ngazi za Lincoln Memorial, Washington, mbele ya watu wapatao 75,000. Chama cha Daughters of the American Revolution kilikuwa kimemnyima ukumbi wake, Constitution Hall, kwa sababu ya weusi wake. Siku hiyo hukumbukwa kwa umati na kwa ubaguzi uliouzaa. Ni wachache wanaoitazama orodha ya nyimbo, ilhali orodha ile peke yake ilitosha kuwa jibu.

Alianza na wimbo wa kizalendo, "America". Ikafuata aria ya Donizetti, "O mio Fernando", kisha "Ave Maria" ya Schubert. Baada ya mapumziko zikaja nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi, zikiwemo "Gospel Train" na "Trampin'". Kwanza nchi yake, kisha umahiri wake katika muziki wa Ulaya, na mwisho, mahali pa heshima, urithi wa wazee wake. Mpangilio ungegeuzwa, nyimbo zingebaki zilezile lakini maana ingekuwa nyingine kabisa.

Mwimbaji anayesindikizwa na piano tu hana mavazi ya jukwaani, waigizaji wala okestra ya kumsitiri. Alicho nacho ni sauti, maneno na mpangilio, na mpangilio huo huanzia kooni. Dakika za mwanzo nyuzi za sauti bado hazijachangamka sawasawa, na hofu ya jukwaa hufupisha pumzi. Katika taarab ya Unguja, bashraf hutangulia bila kuimbwa. Masikio yanatulia, mwimbaji naye anajiweka sawa. Mwimbaji wa kusindikizwa na piano hana bashraf. Wimbo wake wa kwanza ndio unaobeba kazi hiyo, basi na uwe wa sauti ya kati, wenye mistari isiyodai pumzi ndefu. Ndiyo maana wengi hufungua na Purcell au Handel.

"Erlkönig", wimbo alioutunga Schubert mwaka 1815 akiwa na miaka 18, ni kinyume chake. Ndani ya dakika nne hivi koo moja linakuwa msimulizi, baba, mtoto na jini, huku mkono wa kulia wa mpiga piano ukirudia noti kwa kasi karibu bila kupumzika. Wimbo wowote mpole ukiwekwa nyuma yake utamezwa. Mahali pake ni mwisho wa nusu ya kwanza, ambapo wote wawili watakwenda kunywa maji.

Mfululizo wa nyimbo nao una masharti yake. "Winterreise" ya Schubert, ya mwaka 1827, yenye nyimbo 24 kwa mashairi ya Wilhelm Müller, huzidi saa moja. Hiyo ni tamasha zima, haihitaji mwenzi. "Dichterliebe" ya Schumann, iliyotungwa mwaka 1840, ina nyimbo 16 na huchukua kama nusu saa, kwa hiyo panabaki nafasi. Lakini inaishia kwa piano peke yake, taratibu, kwa muda mrefu. Kuunganisha hapo wimbo wa kuchekesha ni kumnyang'anya msikilizaji kile alichokwisha kupewa.

Waimbaji wengi wachanga hupanga kwa lugha: Kitaliano kidogo, Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza. Orodha kama hiyo inanukia chumba cha mtihani. Uzi mmoja ulio wazi hufanya kazi zaidi. Goethe, kwa mfano, aliandika shairi la Mignon lijulikanalo kwa maneno yake ya kwanza, "Kennst du das Land". Schubert alilitia muziki, na baadaye Hugo Wolf naye. Zikiimbwa moja baada ya nyingine, hata asiyejua Kijerumani atasikia jinsi kwa Wolf piano inavyochafuka kama bahari ya kusi.

Yanabaki maneno yenyewe. Tafsiri ichapwe kwa herufi za kusomeka, taa za ukumbini zisizimwe kabisa, na ukurasa ukomee pale wimbo unapokomea. Watu 200 wakigeuza karatasi kwa pamoja katikati ya ubeti wa sauti ya chini kabisa, mwimbaji hatasikika.