Nyumba Nafuu Zikija Malindi, Mpangaji Atakaa Wapi?

Ukikaa barazani Maweni au Muyeye na mazungumzo ya nyumba za serikali yakianza, swali la kwanza huwa ni lile lile: kodi yake itakuwa ngapi? Ni swali la haki, lakini limebeba dhana isiyo sahihi. Nyumba zinazojengwa chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu, kwa sehemu kubwa, si za kukodisha. Ni za kuuzwa. Unachotakiwa kulipa kila mwezi ni sehemu ya bei ya nyumba, na unalipa kwa miaka mingi mpaka iwe yako. Kwa mtu anayetaka kununua hii ni habari njema. Kwa mtu anayetafuta chumba cha kulala na wanawe mwezi huu, ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na pesa zinakotoka, kwa sababu karibu sote tunachangia. Makato yalianza Julai 2023 kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Mnamo Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu ikasema yanakiuka Katiba, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba yaliwabana walioajiriwa rasmi na kuwaacha wengine. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, Rais akaitia saini Machi 19, 2024. Sasa mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote na mwajiri huongeza asilimia 1.5. Sheria hiyo mpya inamgusa pia mwenye kipato kisicho cha mshahara. Kwa hivyo mwenye duka na mwenye bodaboda nao wamo, angalau kwenye karatasi.

Sheria yenyewe imewagawa watu kwa kipato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yuko kwenye kundi la nyumba za kijamii. Anayepata kati ya 20,000 na 149,000 yuko kwenye kundi la nyumba nafuu zenyewe, na wa juu ya hapo wana kundi lao. Unajisajili kwenye mtandao wa Boma Yangu, unaweka akiba ya amana, kisha unasubiri kugaiwa. Ukishanunua huruhusiwi kuiuza bila idhini ya bodi inayosimamia mpango. Ni kanuni nzuri, maana bila hiyo wenye pesa wangezizoa zote kwa wiki moja.

Sasa tupige hesabu za mtu wa kwetu. Tangu Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida katika miji iliyokuwa manispaa, Malindi ikiwemo, ni shilingi 14,866 kwa mwezi. Juu yake huongezwa marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, yaani takriban shilingi 2,230. Itazame tarakimu hiyo vizuri. Hizo ndizo pesa ambazo kanuni za mishahara za serikali zinaona zinamtosha kibarua kujilipia nyumba.

Mei 2025 Rais alikabidhi nyumba za kwanza za Mukuru, Nairobi. Bedsita, ambayo ni nyumba ndogo kuliko zote pale, ilitangazwa kwa bei ya shilingi 640,000, na malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Kibarua wetu, akishakatwa NSSF, SHA na tozo ya nyumba, hubaki na kitu cha shilingi 15,300. Akitoa 3,900 anabaki na 11,400 za chakula, maji, stima, nauli na karo. Nitasema ukweli: si hesabu isiyowezekana. Wako wanaolipa zaidi ya hapo leo kwa chumba kisicho na choo cha ndani, na wangeikimbilia bedsita hiyo.

Lakini huyo ni kibarua anayelipwa kima cha chini, kila mwezi, miezi 12 kwa mwaka. Wangapi Malindi wako hivyo? Huu ni mji wa msimu. Wageni hujaa kuanzia Disemba hadi Machi, wakarudi tena Agosti. Aprili mvua zikianza, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, na mhudumu, mpishi na mfua nguo hurudi nyumbani kungoja kuitwa. Kusi ikivuma mvuvi mwenye mtumbwi mdogo hukaa siku nyingi bila kushuka baharini. Mama wa viazi karai anamtegemea huyo mhudumu na huyo mvuvi, kwa hivyo naye mauzo yake huanguka. Kipato cha mwaka cha watu hawa kikigawanywa kwa 12 huenda kikafika kiwango kinachotakiwa. Shida ni kwamba deni haligawanywi hivyo. Deni linataka shilingi 3,900 mwezi wa Mei sawasawa na mwezi wa Januari.

Mpangaji wa kawaida ana njia zake za kuivuka Mei. Huzungumza na mwenye nyumba, hulipa nusu, huhama kutoka vyumba viwili hadi kimoja, au humrudisha mke na watoto Ganze kwa wazee mpaka mambo yatengemae. Si maisha ya kujivunia, lakini kodi ina unyumbufu huo. Anayenunua nyumba kidogo kidogo hawezi kuhamia chumba kimoja.

Kwa nini nashikilia neno kodi? Kwa sababu ya yaliyotokea Buxton, kisiwani Mombasa.

Buxton ulikuwa mtaa wa nyumba za baraza la mji, za kukodisha, zilizojengwa zama za ukoloni. Nyumba zilikuwa zimechakaa vibaya, hilo hakuna abishaye. Kaunti ya Mombasa ilitoa ardhi, kampuni ya Gulf Cap ya mfanyabiashara Suleiman Shahbal ikaingia kama mjenzi, na mwaka 2021 nyumba za zamani zikabomolewa. Zaidi ya familia 500 zilihamishwa, kila moja ikipewa shilingi 240,000 za kupangia kwingine wakati ujenzi ukiendelea. Ukizigawa kwa miaka 2 ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Wapangaji wa zamani waliahidiwa kipaumbele cha kununua nyumba mpya, na baadhi yao walikwenda mahakamani kupinga mradi.

Leo pale pana maghorofa ya kupendeza. Lakini nyumba za chumba kimoja cha kulala zilitangazwa tangu mwanzo kwa shilingi milioni 1.8. Mtaa uliokuwa wa wapangaji umekuwa mtaa wa wanunuzi. Hakuna aliyesimama jukwaani akatangaza kwamba nyumba za kukodisha za umma zimefutwa pale. Zilifutika zenyewe, kwa sababu kilichojengwa mahali pake ni kitu cha aina nyingine. Na mtu aliyekuwa akilipa kodi ya kaunti, hata akipewa kipaumbele cha kwanza kwenye foleni, kipaumbele hicho kinamfaa tu kama ana pesa za kununulia.

Ndiyo maana Buxton inatuhusu sisi wa Kilifi. Kaunti zilirithi mali ya mabaraza ya zamani mwaka 2013. Popote penye nyumba chakavu za umma juu ya ardhi nzuri ya mjini, mjenzi atakuja na ramani. Aje, lakini tumuulize mapema: ngapi kati ya nyumba hizi zitabaki za kukodisha?

Wengine watasema serikali haiwezi kazi ya kuwa mwenye nyumba. Imewahi kuifanya. Mwaka 2009 watu wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa maghorofa ya Lang'ata kupisha ujenzi, kwa kodi ya takriban shilingi 1,000 kwa chumba. Mpango ule ulikuwa na doa lake, nalo linajulikana: baadhi walikodisha vyumba vyao kwa wenye uwezo zaidi, wakarudi Kibera na faida mfukoni. Lakini hilo ni tatizo la usimamizi. Halionyeshi kwamba kodi ya shilingi 1,000 haiwezekani, linaonyesha kwamba lazima mtu azunguke na daftari kuangalia nani anaishi wapi.

Wakati tukingoja hayo, mpangaji wa Malindi anaishi wapi hasa? Anaishi kwenye nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani na choo cha pamoja. Nyumba hizi ndizo nyumba nafuu za Pwani, na zimefanya kazi hiyo kwa vizazi bila tozo ya mtu yeyote. Udhaifu wake uko chini, kwenye ardhi. Nyingi zimejengwa kwa mtindo wetu wa nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ana kuta na paa, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi hulipa ijara ya kiwanja. Mwenye ardhi akiuza kwa tajiri anayetaka kujenga apatimenti, anayepoteza si mwenye nyumba peke yake. Wapangaji wa vyumba vyote sita hutoka naye, na hao hawahesabiwi popote. Pesa za nyumba zingeweza kununua baadhi ya viwanja hivi na kuwapa usalama wenye nyumba hizo, kwa sharti kwamba vyumba viendelee kukodishwa kwa bei ya kawaida. Naona ingekuwa rahisi kuliko ghorofa, ingawa haina utepe wa kukatwa mbele ya kamera.

Kuna pia sheria ambayo wapangaji wengi hawajawahi kuisikia. Sheria ya Kudhibiti Kodi, sura ya 296, huwalinda wapangaji wa nyumba za kuishi: mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya jopo la kodi, sembuse kung'oa mlango au kukata maji. Lakini inawahusu wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa miongo kadhaa iliyopita, wakati 2,500 ilikuwa kodi ya nyumba ya maana. Leo kinamkinga mwenye chumba cha chini kabisa. Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021 ulikusudia kurekebisha haya, lakini haukuwa sheria. Hata hivyo, kama unalipa 2,500 au chini yake, dai risiti kila mwezi na uziweke. Bila karatasi ni vigumu kuthibitisha mbele ya jopo kwamba wewe ni mpangaji.

Kuhusu nani wa kuulizwa, Katiba haifichi kitu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa. Jedwali la Nne linaipa serikali ya taifa sera ya nyumba, na kuipa kaunti mipango na maendeleo ya nyumba. Kwa hivyo mbunge akisema muulize gavana, na gavana akisema hiyo ni ya Nairobi, wote wawili wana sehemu yao.

Mkutano wa ushirikishaji wa umma ukitangazwa, na mara nyingi tangazo hubandikwa mlangoni kwa chifu siku chache tu kabla, nenda. Usiulize kazi ngapi za ujenzi zitatoka, hilo watalisema wenyewe hata bila kuulizwa. Uliza nyumba ngapi ni za kijamii na ngapi ni za kukodisha moja kwa moja. Uliza anayelipwa kwa siku atathibitishaje kipato chake, na itakuwaje akikosa kulipa Aprili, Mei na Juni. Kama kuna watu wanaoishi kwenye kiwanja hicho sasa, uliza majina yao yameandikwa wapi, wapangaji wakiwemo. Kisha omba majibu yaingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na upate nakala kabla hujaondoka.