Kusoma ni Kuhoji, Si Kukariri

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Dhana hii wameirithi, hawakuichunguza. Ushahidi wao ni maneno kama kitabu, hesabu na dunia. Wakishayataja, huona shauri limekwisha.

Msomaji makini hakomi hapo. Atauliza: je, Mwarabu husemaje anapotaja vitabu vingi? Husema "kutub". Mswahili amelitwaa neno lilo hilo, akalitia katika ngeli ya KI-VI, akapata "vitabu", sawa na viti na visu. Mgeni amevikwa nguo za mwenyeji. Kisha atalinganisha: "mtu" wetu ni "mutu" kwa Mgiriama na "mundu" kwa Mkamba. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka wa 1985 juu ya Waswahili, wameueleza kwa mapana udugu huu wa Kibantu.

Hata hivyo, msomaji huyo hatawaunga mkono wanaotaka maneno yenye asili ya Kiarabu yafukuzwe. Hiyo nayo ni chuki ile ile iliyogeuzwa upande; hata "fikira" na "hoja" tungezikosa.

Mwalimu mwenzangu, ukimpa mwanafunzi jibu la kukariri, hata liwe sahihi, umembadilishia dhana tu. Mpe vitabu viwili vinavyopingana, kisha umwulize kila mwandishi ana ushahidi gani. Hapo ndipo ubaguzi unapokosa pa kusimama.