Nguvu zao zinatoka wapi? Mchezo wa kukisia filamu, na pale unapoacha kuwa mchezo

Filamu mpya ya mfululizo ikitoka, ile ya watu wenye nguvu zisizo za kawaida, watazamaji hawangoji mwisho. Baada ya kipindi cha kwanza tu, mabishano yanaanza. "Ule kijana alizaliwa nayo, minakwambia!" "Hapana, ni ile dawa balimutia njo ilimubadirisha." Iwe ni Likasi mjini, iwe ni katika vijiji vya wavuvi kando ya ziwa Tshangalele ambako tele inawaka kwa panneau solaire ama kwa groupe, swali ni lile lile: nguvu hizo zinatoka wapi?

Ni swali zuri. Wanaotunga filamu hizo wanajua kwamba mtazamaji ataliuliza, na wanalitegemea ili arudi juma linalofuata. Lakini hapa kwetu Haut-Katanga swali hilo halibaki kwenye tele. Wakati mwingine linahamia ndani ya nyumba, na hapo linaweza kuharibu maisha ya mtoto.

Kwa nini watazamaji wanakisia?

Tuchukue mfano wa Heroes, filamu ya Marekani iliyotungwa na Tim Kring. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni NBC tarehe 25 Septemba 2006. Ndani yake watu wa kawaida wanagundua kwamba wana uwezo wa ajabu. Hiro Nakamura, mfanyakazi wa ofisi kule Tokyo, anasimamisha wakati. Claire Bennet, msichana wa shule kule Texas, anaumia na kupona papo hapo. Isaac Mendez ni mchoraji, na anachora mambo ambayo hayajatokea bado. Katika michoro yake kuna mmoja unaotisha: mji wa New York unalipuka.

Basi watu wakaanza kukisia: nani ndiye bomu? Sehemu ya kwanza ilikuwa na vipindi 23, mpaka Mei 2007, kwa hiyo nafasi ya kubishana ilikuwa kubwa. Mtu angeweza kumtaja Ted Sprague, kwa sababu mwili wake unatoa mionzi inayounguza. Mwingine angeweza kumtaja Sylar, muuaji anayewanyang'anya wengine uwezo wao. Jibu lilipokuja, aliyekuwa karibu kulipuka ni Peter Petrelli, kijana mwenye roho nzuri, ambaye alikusanya uwezo wa wengine bila kujua namna ya kuutawala.

Mchezo huu unawezekana kwa sababu moja: katika filamu kuna mtunzi. Kila alama unayoona, saa iliyosimama, mchoro ukutani, mtu anayekohoa bila sababu, kuna mtu aliyekaa akaamua kuiweka pale. Ndiyo maana mtazamaji ana haki ya kusema "ile kitu iko na maana". Kweli iko na maana, kwa sababu imewekwa kwa makusudi. Na kama umekosea, hasara yako ni kuchekwa na wenzako, basi.

Tena watunzi wenyewe wakiacha kazi, alama zinabaki bila jibu. Tarehe 5 Novemba 2007 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma kwa kudai malipo bora. Sehemu ya pili ya Heroes ikakatwa kwenye kipindi cha 11. Watazamaji wakabaki na maswali ambayo hakuna aliyeyajibu.

Jibu la kwanza: mionzi, na Shinkolobwe

Watunzi wanapoulizwa nguvu zinatoka wapi, wana majibu machache wanayoyarudia. La kwanza ni ajali ya mionzi, ile ambayo wengi huku wanaiita radiation. Hulk, katika vitabu vya picha vya Marekani, alitokea mwaka 1962: ni mtaalamu wa sayansi aliyepigwa na mionzi ya bomu la majaribio. Mwaka huo huo akaja Spider-Man, kijana aliyeumwa na buibui mwenye mionzi.

Kwa nini mionzi? Kwa sababu watu wa wakati ule waliishi na woga wa bomu la atomiki. Na hadithi ya bomu lile inapita karibu sana na Likasi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, kilomita kama 20 tu magharibi mwa Likasi. Mgodi ulikuwa wa Union Minière. Mkubwa wake, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo New York tangu mwaka 1940, na Wamarekani walipoyatafuta waliyakuta yako kwao tayari.

Kwa hiyo filamu inayosema mionzi inampa mtu nguvu imezaliwa, kwa njia ya mbali, na udongo wa huku. Lakini huku wenyeji wanahitaji kujua kweli yake. Vumbi la urani na hewa ya radoni inayotoka katika mawe hayo haviongezi nguvu hata kidogo. Vinaharibu mapafu na figo, vinaweza kuleta kansa, na ugonjwa unaweza kuonekana baada ya miaka mingi, wakati mtu amekwisha sahau kwamba aliwahi kuchimba. Serikali ilifunga Shinkolobwe kwa amri ya rais mwanzoni mwa mwaka 2004, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuingia kutafuta kobalti. Mwezi wa Julai mwaka huo sehemu ya mgodi ilianguka, watu 8 wakafa.

Jibu la pili: vyombo na masomo

Jibu la pili linatoka karibu vile vile, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Malenga Mulendema, Mzambia aliyekulia Lusaka, aliona tangu utoto kwamba mashujaa wa katuni hawafanani naye wala hawaishi mji kama wake. Akatunga hadithi ya wasichana wanne wa shule katika Lusaka ya siku zijazo. Wanachukuliwa na mama mmoja, mpelelezi wa siri aliyestaafu, ambaye bado anataka kuokoa dunia. Netflix ilitangaza mwaka 2019 kwamba hiyo itakuwa katuni yake ya kwanza ya mfululizo kutoka Afrika, kwa jina la Mama K's Team 4. Watu walingoja miaka minne. Ilitoka tarehe 20 Julai 2023 kwa jina la Supa Team 4.

Katika hadithi ya namna hii, mtu anaitwa, anafundishwa, anashirikiana na wenzake. Na wanaoishi kando ya Tshangalele hawana haja ya kwenda Lusaka kuelewa jibu hilo. Ziwa lenyewe ni kazi ya mikono. Lilitokea baada ya mto Lufira kuzuiwa kule Mwadingusha, na kituo cha umeme kilifunguliwa mwaka 1930. Maji yanaanguka, yanazungusha mashine, umeme unakwenda. Mashine zilipochakaa, hakuna aliyezitamkia maneno zikaamka. Zilirekebishwa na mafundi, kazi ikamalizika mwaka 2021, na sasa kituo kinaweza kutoa megawati 78. Umeme huo unakwenda wapi, na kijiji gani kinabaki gizani, hilo ni swali ambalo raia wana haki ya kuliuliza kwa SNEL na kwa wakubwa. Ni swali lenye jibu.

Jibu la tatu: "alizaliwa nayo"

Jibu la tatu ndilo watazamaji wanalolipenda zaidi: uwezo uko katika damu. X-Men, waliotokea mwaka 1963, ni watoto na vijana waliozaliwa tofauti, na watu wanawaogopa kwa sababu hiyo. Heroes pia ilifuata njia hiyo. Kwenye tele, mtoto wa namna hiyo anakuwa shujaa.

Nyumbani anaitwa muloji.

Hapa ndipo kukisia kunaacha kuwa mchezo. Katika miji mingi ya Congo, watoto wanashutumiwa uchawi kwa alama ambazo hakuna mtunzi aliyeziweka. Mtoto anakojoa kitandani. Ana kifafa. Ana ulemavu. Anaongea usiku katika usingizi. Ni mkaidi, ama ana akili kupita umri wake. Kisha baba anapoteza kazi, ama mama anafariki, na jamaa wanaanza kuunganisha mambo kama vile wako mbele ya filamu: "Unakumbuka ile siku alikataa kula? Njo vile ilianza."

Lakini maisha hayana mwandishi aliyepanga ile siku ya kukataa kula ili iwe dalili ya kifo cha mwezi uliofuata. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na kina dawa. Mtoto anayekojoa kitandani mara nyingi ana woga ama huzuni, ama mwili wake haujakomaa bado. Kazi imepotea kwa sababu kampuni imepunguza watu. Kila jambo lina chanzo chake, na mtoto hayumo.

Angalia pia nani anayeangukiwa na shutuma. Mara nyingi ni yatima, ni mtoto wa mke wa kwanza, ni yule aliyeletwa kwa shangazi ama kwa mjomba wakati chakula hakitoshi. Katika Heroes shaka iliwaangukia waliofanana na wabaya, na ilikuwa ya uongo. Hapa shaka inamwangukia asiye na mtetezi. Kisha kunakuja wanaoomba pesa ili "wamfungue": mtoto anafungiwa, ananyimwa chakula siku kadhaa, anapigwa. Wengine wanakimbilia barabarani, na huko wanaitwa wezi.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Congo iko wazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kutupa mtoto, kumtesa na kumshutumu uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaongeza adhabu. Kifungu cha 160 kinasema anayemshutumu mtoto hivyo anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3, na kulipa faini ya franka za Congo 200 000 mpaka 1 000 000. Mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria haibagui: mzazi, jirani, mchungaji wa kanisa, nganga, wote iko inawagusa. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyounda mahakama ya watoto, tribunal pour enfants, na kesi ya mtoto inaweza kupelekwa huko.

Kwa jirani anayesikia neno muloji likitajwa juu ya mtoto, kuna mambo manne ya kufanya kabla ya mahakama. Kwanza, kumpeleka mtoto kwenye kituo cha afya kama kuna dalili ya ugonjwa. Pili, kuuliza wenye nyumba waziwazi: nani alisema, aliona nini kwa macho yake, na anapata nini mtoto akitoka? Tatu, kutafuta jamaa mmoja, bibi ama mjomba, anayeweza kukaa na mtoto kwa siku chache mpaka hasira ishuke. Nne, kama kuna kupigwa ama kunyimwa chakula, kutoa habari kwa polisi ama kwa assistant social bila kungoja, kwa sababu mtoto aliyenyimwa maji hana siku nyingi.

Na filamu? Watoto waachwe watazame, na wakubwa wabishane nao. Mtoto akiuliza kama mtu anaweza kuzaliwa na nguvu za namna ile, ajibiwe kweli: ile ni hadithi, kuna mtu aliyeiandika, na anaweza kujifunza kuiandika yake.