Uuguzi wa Mtoto Mwenye Uvimbe wa Moyo Utokanao na Homa ya Baridi Yabisi

Mtoto wa Gorong'a, wilayani Tarime, anapoanza kuchechemea, jambo la kwanza aulizwalo ni kama alianguka akichunga ng'ombe. Goti likipoa na maumivu yakihamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko, wazazi hudhani ugonjwa unakwisha. Mhudumu wa zahanati hana budi kuuliza swali jingine: je, wiki 2 au 3 zilizopita mtoto aliumwa koo? Homa ya baridi yabisi hufuata maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria aina ya streptokoka, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Kinga ya mwili iliyoamshwa dhidi ya bakteria hao hugeukia viungo na moyo. Viungo hupona, vali za moyo mara nyingi hubaki na makovu.

Wodini, kazi kubwa ni ya muuguzi. Mtoto apumzike kitandani hadi dalili za moyo zitulie, akiegemezwa kwa mito iwapo anahema kwa shida. Mapigo ya moyo yahesabiwe dakika nzima, na yahesabiwe tena akiwa usingizini, kwa maana mapigo yanayokwenda mbio hata katika usingizi hayawezi kusingiziwa kilio wala hofu. Uzito upimwe kila asubuhi kwa mizani ileile, kwani maji yajikusanyayo mwilini huweza kuonekana kwenye mizani kabla miguu haijavimba. Chumvi ipunguzwe, na mama aletaye chakula aelezwe sababu, asiamrishwe tu. Apewaye aspirini aulizwe kama masikio yanavuma au tumbo linauma. Apewaye digoksini apimwe mapigo kabla ya kila dozi. Yakiwa chini ya kiwango alichoweka daktari, dawa isitolewe kabla daktari hajaarifiwa.

Hata hivyo, hatari kubwa huanza mtoto arudipo nyumbani akicheza. Anatakiwa kuchomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki 3 au 4, kwa miaka isiyopungua 10, na zaidi ikiwa vali zimeharibika. Si rahisi kumshawishi mtu anayejiona mzima, tena sindano yenyewe inauma. Lakini koo likiambukizwa upya, homa yaweza kurudi na kuongeza kovu juu ya kovu. Basi muuguzi apunguze maumivu: dawa ipashwe joto kiganjani, mahali pa kuchoma pabanwe kwa kidole gumba sekunde 10, kisha dawa isukumwe taratibu kwa dakika 2 au 3. Mtoto abaki kituoni nusu saa, adrenalini ikiwa karibu. Mwenye vali zilizoharibika vibaya, daktari ndiye aamuaye kati ya sindano na vidonge.

Mtoto anayechoka kwa mwendo mfupi, anayekohoa usiku akilala chali au kuvimba miguu apelekwe hospitali bila kungoja tarehe ya sindano. Baadhi huhitaji kuchunguzwa Bugando, Mwanza, au katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako vali hufanyiwa upasuaji. Ni safari ndefu na ya gharama, nayo mara nyingi hutanguliwa na sindano zilizokosekana.

Mtoto akihamia kwa shangazi au shule nyingine, kadi yake ya sindano ihame naye.