Kuhamia Rwamgasa: Familia Nayo Ihesabiwe

Kwa miaka mingi sasa ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe na Ukara, wa Kome na Maisome, wamekuwa wakivuka maji kwenda kutafuta riziki bara. Sababu zao twazijua. Shamba la muhogo lililomtosha babu hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata mwisho kila mmoja akabaki na kipande kisichomshibisha. Ziwa nalo halitoi samaki kama zamani. Kwa kawaida mwanamume hutangulia peke yake. Akipata chochote, huanza kufikiri kuihamisha familia. Leo twapenda kulizungumza jambo hilo la pili, kwa kuwa ndilo zito zaidi.

Mojawapo ya mahali wanapokwenda ni Rwamgasa, katika Wilaya ya Geita, penye machimbo ya wachimbaji wadogo. Mvuto wake si dhahabu tu. Mtu aliyelelewa katika kaya iliyo peke yake kati ya mashamba huona pale soko, maduka, shule na nyumba za ibada, na majirani wa makabila mengi wanaosalimiana kila asubuhi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi mwezi Juni 2025, safari ya kutoka Mwanza kwenda huko imekuwa nyepesi. Wala si watu wa visiwani peke yao wanaokwenda. Mkoa wa Geita, ulioundwa mwaka 2012, ulihesabiwa mwaka huo kuwa na watu 1,739,530. Mwaka 2022 walikuwa 2,977,608.

Lakini kukaa karibu si lazima kuwe ndio ujirani. Somo hilo nchi yetu ilikwisha kulipata. Katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, wananchi wa Shinyanga na Mwanza, kama wenzao wa mikoa mingine, walitolewa katika kaya zao zilizotawanyika wakakusanywa vijijini. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji yawafikie kwa urahisi. Hata hivyo wengi walihamishwa kabla visima havijachimbwa, na mashamba yao yakabaki mbali. Usukumani ngitili nyingi, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, zilikosa wenyewe wa kuzitunza. Kazi ya kuzirudisha ilianza kwa nguvu mwaka 1986, ulipoanzishwa mradi wa HASHI. Kukusanya watu ni kazi ya siku chache. Kuwafanya wawe jamii ni kazi nyingine kabisa.

Rwamgasa hakuna aliyepelekwa kwa amri. Dhahabu ndiyo iliyowaita watu, na miji ya namna hiyo hufuata mwamba kabla ya kufuata ramani. Ndiyo sababu mtu aweza kuona karasha likisaga mawe jirani na nyumba wanamolala watoto. Hatari iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mchimbaji huichanganya zebaki na mchanga ili inase dhahabu, kisha huichoma. Zebaki hugeuka mvuke, na mvuke huo huvutwa na kila aliye karibu, awe mchimbaji au mtoto mchanga. Mwaka 2003 wataalamu waliwapima wakazi wa Rwamgasa, wakawalinganisha na watu wa Katoro. Walioonekana kudhurika zaidi ni wale waliokuwa wakichoma zebaki. Tangu hapo Serikali, kwa kupitia STAMICO, imejenga Rwamgasa kituo cha mfano cha kuchenjua dhahabu pasipo zebaki. Hatua hiyo twaipongeza. Lakini kituo kimoja hakitoshi, ikiwa uchomaji waendelea uani na jikoni.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa Wilaya na Mkoa walitazame suala hili kwa macho ya mama mwenye watoto. Leseni ya uchimbaji si kiwanja cha makazi. Panahitajika viwanja vilivyopimwa, vilivyo mbali na makarasha na mahali pa kuchenjulia, pamoja na maji yaliyopimwa usalama wake. Kipande cha ardhi kilichotengwa kwa makazi kilindwe, hata ikisikika kwamba chini yake kuna mwamba wenye dhahabu.

Na wewe ndugu unayefikiri kuhama, usiwaite wenzako kwa barua ya furaha tu. Mwite kwanza mkeo aje akapaone mahali hapo, kwa maana yeye ndiye atakayeteka maji na kuuguza watoto. Tazameni pamoja shule iko umbali gani, na jirani huchomea wapi dhahabu yake. Shamba la nyumbani msiliuze, kwani dhahabu huisha lakini ardhi hubaki.

Mkiisha kufika, msiishi kama wapangaji wa msimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa sheria zetu, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, bila kuulizwa alizaliwa kisiwa gani. Nendeni mkutanoni, mke na mume, mkaseme habari za maji na moshi. Jiungeni na wenzenu katika kuzikana na kuuguzana, kwa maana fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mji wa machimbo ukiachwa ujengwe na dhahabu peke yake, utahama siku dhahabu itakapokwisha. Ukijengwa na familia, utabaki. Viongozi wetu wa Geita wanayo nafasi ya kuchagua, na wakati wa kuchagua ni sasa, kabla familia nyingine hazijavuka.