Saa mbili baada ya mtoto kutoka

Mama wa kata ya Gongoni akishikwa na uchungu usiku, bajaji inamfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, bila kutoka ndani ya Manispaa ya Tabora. Mwenzake wa Sikonge akipewa rufaa ana kilomita 70 hivi za kusafiri. Ndiyo maana tukizungumzia uzazi salama hutangulia barabara na gari la wagonjwa, na namba 115 ya m-mama, inayomtafutia mama usafiri wa dharura, ni msaada mkubwa.

Lakini kufika ni nusu tu ya safari. Mimba ikitimia miezi tisa, kama nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Mtoto akitoka na mfuko ukashindwa kujikaza, mama anaweza kufa ndani ya saa mbili, hata akiwa kitandani hospitalini. Wa Gongoni na wa Sikonge hapo wako sawa: anayewaokoa ni mkunga aliye karibu, anayejua la kufanya.

Kitaifa tumepiga hatua. Utafiti wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukakadiria 104. Yaani kutoka mama mmoja kwa kila vizazi 180 hadi mmoja kwa 960. Wanaojifungulia kituoni nao walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81.

Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa mitano ya mradi wa Safer Births, uliofanyika katika vituo 30. Matokeo yake yalitangazwa 2025: vifo vya akina mama vilishuka kwa asilimia 75 hivi, na vifo vya mapema vya watoto wachanga kwa asilimia 40. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa midoli, humo humo kazini, wakapewa vifaa bora vya kusikiliza moyo wa mtoto, na wakakaa kuzichambua takwimu za kituo chao wenyewe. Hakuna jengo la ghorofa katika orodha hiyo.

Utafiti mwingine, uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliweka chini ya mama plastiki yenye alama za kupima damu, na matibabu yote yakaanza kwa pamoja. Kwa kukisia kwa macho, karibu nusu ya waliovuja damu nyingi hawakutambuliwa. Kwa plastiki, walitambuliwa 93 kati ya 100, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60.

Bajeti, basi, ianzie hapo: oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, yenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 na umeme usiokatika, na wakunga wa kutosha zamu ya usiku. Sera inasema huduma ya uzazi ni bure. Hata hivyo mama wengi bado wanaingia leba na beseni, pamba, mpira wa kutandika na glovu walizonunua wenyewe, na glovu ni za mkono wa mkunga.