Nguvu za kiume: Aibu inavyowafanya wanaume Lubumbashi kununua dawa wasizozijua

Tangazo huingia kwenye simu likiwa na picha ya kopo, ahadi ya matokeo ya haraka na namba ya WhatsApp. Neno linalorudiwa zaidi ni moja: siri. Mteja anatuma pesa kwa simu, mtu wa pikipiki anamletea mzigo, na biashara imeisha. Hakuna aliyemuuliza ana umri gani wala anatumia dawa gani nyingine.

Kwa mwanaume wa Katuba au Kampemba anayeona haya kulitaja tatizo hili mbele ya mfamasia anayemfahamu, njia hiyo inaonekana nafuu. Lakini siri hiyohiyo ndiyo inayomweka hatarini.

Upungufu wa nguvu za kiume una tiba. Sildenafili, inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra, iliidhinishwa Marekani Machi 1998. Watafiti wa kampuni ya Pfizer walikuwa wakiijaribu kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo walipogundua kazi yake nyingine. Baadaye ikaja tadalafili, ambayo nguvu yake inaweza kudumu hadi saa 36. Dawa hizi hutanua mishipa ya damu, haziamshi hamu.

Swali ambalo muuzaji haulizi

Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati hapaswi kabisa kumeza vidonge hivi. Zikikutana mwilini, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla na kuua. Anayetumia ritonavir, moja ya dawa zinazotumika dhidi ya VVU, naye anahitaji ushauri wa daktari, kwa sababu inaongeza kiwango cha sildenafili katika damu.

Tatizo lenyewe pia linaweza kuwa dalili ya kisukari, shinikizo la damu au mishipa ya moyo iliyoanza kuziba. Anayejitibu kimyakimya anaweza kuficha ugonjwa mkubwa zaidi.

Ndani ya kidonge kuna nini?

Mwaka 2008, wagonjwa 150 wasio na kisukari walilazwa Singapore baada ya sukari kushuka mno katika damu. Wanne walifariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa vidonge vya nguvu za kiume vilivyouzwa kimagendo vilikuwa vimechanganywa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari.

Congo nayo imewahi kuumia kwa dawa bandia. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, zaidi ya watu 1,000 walilazwa huko Ituri, shingo na nyuso zikikakamaa. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vidonge walivyomeza vilikuwa na lebo ya diazepamu, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili.

Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa dawa moja kati ya kumi katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au duni.

Hata neno "asili" kwenye kopo si kinga. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sildenafili iliyofichwa katika bidhaa zinazouzwa kama mitishamba.

Kabla ya kutuma pesa

• Anza kwa daktari: pima sukari na shinikizo la damu, na umtajie dawa zote unazotumia.

• Nunua kwa farmasi yenye kibali, anwani inayofikika na mfamasia wa kuulizwa, hata kama unaagiza kwa simu.

• Mkimbie muuzaji asiyedai cheti cha daktari au anayeahidi kupona moja kwa moja.

• Kataa vidonge visivyo na pakiti. Pakiti ionyeshe jina la dawa, kipimo, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Uume ukisimama kwa zaidi ya saa nne, au ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au kupoteza uwezo wa kuona ghafla, nenda hospitali mara moja ukiwa na pakiti mkononi. Na ukifika, sema ulichomeza. Daktari asiyejua anaweza kukupa nitrati kwa ajili ya kifua, na hapo siri inaweza kugharimu maisha.